Mgongo wa Paneli

Fundi Paa alikuwa na tabia moja ambayo wateja wake waliicheka. Kila paneli ya jua, kabla hajaipandisha juu ya bati, aliilaza kifudifudi kama mtoto anayepakwa mafuta mgongoni, akachukua maka peni nyeusi na kuandika nyuma yake: ya nani, imefungwa lini. Na paneli ikifa, maana paneli nazo hufa, aliishusha na kuongeza neno moja chini ya yale ya kwanza: IMEKUFA. Na tarehe. Mjini kuna watu wanaweza kukuuzia maiti ukadhani umepata bibi harusi, na Fundi Paa hakutaka maiti zake zitembee.

"Unaziandikia kama makaburi," kinyozi wa jirani alimwambia.

"Na lako nimeshaliandaa. Bado tarehe tu."

Basi mtu mwenye akili kama hiyo alitakiwa kushtuka siku alipokuja dada mmoja wa miwani, ameshuka kwenye gari la kiyoyozi, akaulizia paneli mbovu. Si nzima, mbovu. Ya maonyesho ya shule, alisema. Fundi akamtolea ile iliyokuwa ya kinyozi, iliyopasuliwa pembeni na jiwe la watoto waliokuwa wanalenga kunguru. Ufa wake ulikuwa kama nyota. Akataja bei ya kijinga, ile bei unayoitaja ili mtu acheke muanze kupatana. Dada wa miwani hakucheka. Alilipa, akaomba risiti.

Fundi akaenda kumsimulia dada yake mkubwa kama kichekesho. Dada yake hakuona cha kuchekesha.

"Mtu anayenunua kitu kibovu bila kupatana hanunui kitu," alisema. "Anakununua wewe."

Dada alikuwa mkunga wa zahanati ya mtaa: vitanda vinne, chumba kimoja cha kuzalia, na juu ya paa paneli sita ambazo mdogo wake alizifunga miaka minne iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa anazalisha huku ameing'ata simu kwa meno, tochi ikiangaza kule inakotakiwa. Jino lake la mbele lililegea kwa kazi hiyo, na akikwambia hivyo usidhani anatania. Umeme wa waya ulikuwepo, ndiyo, ule wa kampuni ya majenereta iliyokuwa ikichoma mafuta mazito pembeni mwa mji na kututia sote masizi puani. Lakini ulikuja kama mgeni mwenye aibu: anabisha hodi, ukifungua mlango kashaondoka.

Sasa ulikuwa umeletwa mswada. Kila paneli iliyo juu ya paa ipate muhuri wa usalama, na isiyo na muhuri ishushwe. Muhuri utolewe na kampuni iliyoteuliwa. Kampuni iliyoteuliwa, angalia maajabu ya Mungu, ilikuwa ni hiyo hiyo ya majenereta. Na ada ya muhuri mmoja ilizidi bei ya paneli yenyewe. Ni kama fisi apewe kazi ya kuthibitisha afya ya mbuzi.

Aliyeusukuma mswada huo alikuwa Mheshimiwa, mbunge wao wenyewe na mwenyekiti wa kamati ya nishati. Uchaguzi uliopita Mheshimiwa alizunguka na msafara wa magari arobaini kwa miezi miwili, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuyaona yakiingia kituo cha mafuta. Watu waliliona hilo. Waliona, wakapokea kofia, wakapiga kura.

*

Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kilifanyika katika ukumbi wa halmashauri, saa nne asubuhi. Fundi Paa alifika mapema, akakuta viti vya mbele vyote vimejaa fulana nyeupe zilizoandikwa PAA SALAMA, FAMILIA SALAMA. Ndani ya mojawapo ya fulana hizo alikuwemo mama mshona nguo wa mtaani kwao.

"Mama, wewe una paneli mbili zangu juu ya paa. Umekuja kupinga nini?"

"Sipingi kitu mimi, baba. Nimepewa fulana. Wamesema ukikaa mpaka mwisho unapewa na nauli."

"Nauli ya wapi? Unakaa ng'ambo ya barabara."

Mama mshona nguo akafikiri kidogo. "Basi nitazunguka."

Akasimama mtaalamu wa kampuni, tai shingoni, kijiti cha kuonyeshea mkononi. Alizungumza kuhusu hatari. Alizungumza kuhusu watoto. Kisha akaenda kwenye meza iliyofunikwa kitambaa chekundu, akakivuta kama mganga wa maonyesho, na pale ikaonekana paneli iliyoungua uso mzima, kioo kimeiva na kuvimba malengelenge.

"Paneli hii," alisema kwa sauti ya msibani, "mwezi uliopita iliunguza nyumba ya familia ya watu saba."

Akina mama wa fulana wakashika vifua. Fundi Paa hakuitazama sehemu iliyoungua. Alitazama pembeni. Kulikuwa na ufa pale, kama nyota.

Ilikuwa ile ya kinyozi. Watu wa kampuni walikuja dukani kwake. Walimlipa, wakachukua na risiti. Wakaenda kuichoma kwa gesi ya kuchomelea vyuma, na sasa wanairudisha imuue yeye, imuue na dada yake, mbele ya watu wa mtaani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba unaweza kukiuza mwenyewe ukapewa na chenji.

Akanyoosha mkono. Mheshimiwa, pale mezani juu, akampa dakika mbili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mtaalamu aigeuze."

"Aigeuze nini?"

"Paneli. Tuone mgongo wake."

Mtaalamu akatabasamu. "Samahani, bwana. Una shahada ya fani hii?"

"Ninayo nusu. Niliacha mwaka wa tatu. Lakini hata nusu inatosha kujua kwamba kitu kina pande mbili."

Watu wakacheka. Mtaalamu akaitazama paneli kama aliyeambiwa leo kwamba ng'ombe ana mkia. Na kweli, mtu ambaye hajawahi kupanda paa huiona paneli kwa mbele tu; waliokwenda kuichoma waliuchoma uso vizuri sana, wakausahau mgongo. Fundi hakusubiri ruhusa. Alikwenda mwenyewe, akaipindua, akasoma kwa sauti.

"Kinyozi. Imefungwa, tarehe hii hapa. Chini yake: imekufa. Na tarehe, miezi mitano iliyopita. Paneli iliyokufa haitoi umeme hata wa kumtekenya mende. Sasa mheshimiwa, naomba kuuliza: maiti hii ilifufuka lini, ikaenda kuchoma nyumba ya watu?"

"Ni yangu hiyo," kinyozi akapaza sauti kutoka nyuma. "Hata ufa naujua. Nina uchungu nao mpaka leo."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata fulana. Mtaalamu akamtafuta dada wa miwani kwa macho; dada wa miwani, pale nyuma ya Mheshimiwa, alikuwa anasoma viatu vyake.

Mheshimiwa hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. Alikunywa maji. Akajifuta mdomo.

"Ndugu fundi, maandishi ya maka peni si ushahidi. Mtu yeyote anaweza kuandika chochote nyuma ya paneli. Kesho mtaandika jina langu. Ndiyo itakuwa yangu?" Akasubiri fulana zicheke, zikacheka. "Hoja imefungwa. Tunawashukuru kwa maoni yenu."

Mlangoni, karibu na meza ya kugawia nauli, palikuwa na boksi lililofunguka. Ndani yake ripoti za kamati, zimeshachapwa, zimeshafungwa vizuri kwa jalada la bluu. Fundi akaokota moja. Ukurasa wa mwisho ulisema: wananchi waliohudhuria waliunga mkono mswada kwa kauli moja. Aliigusa akitegemea labda ina joto la mashine. Haikuwa hata na joto. Jalada lilikuwa na tarehe ya siku tatu kabla ya kikao.

Akaitia kwapani, akaondoka nayo. Alitembea mpaka dukani kwake bila kusalimia mtu, na kwa mtaa ule hiyo ni karibu sawa na kutukana.

*

Mswada ulipita mchana mmoja baada ya chakula, wabunge wengine wakipiga meza huku wamefumba macho. Wiki iliyofuata zahanati ikapata barua: muhuri ndani ya siku kumi na nne, au paneli zishushwe.

Dada akamwita mdogo wake ofisini, chumba chenye upana wa kabati, akamwonyesha barua hiyo. Fundi aliisoma mara mbili.

"Nina akina mama sita wanaotarajia mwezi huu," Dada alisema. "Niwaambie wabane?"

"Dada."

"Nakuuliza, fundi. Au nirudie kuing'ata simu? Jino lenyewe limebaki kwa huruma."

Hakupaza sauti. Dada hakuwa na kawaida ya kupaza sauti. Alikuwa anaihifadhi kwa ajili ya kusema "sukuma". Mtu wa aina ya Fundi akibanwa hupanda paa. Akapanda, akakaa kwenye bati la moto katikati ya paneli zake sita. Kutoka pale aliona mabomba ya majenereta yakitema moshi, taratibu, kama mzee anayevuta kiko cha watu wengine. Akayatukana. Akamtukana mtaalamu, tai yake na kijiti chake. Akamtukana Mheshimiwa kwa majina ambayo hatutayaandika. Na katikati ya matusi, maneno ya Mheshimiwa yakamrudia, neno kwa neno: kesho mtaandika jina langu.

Fundi akapapasa mfukoni. Maka peni ilikuwepo.

Alifungua skrubu za paneli ya kwanza, akaiinua, akaandika nyuma kwa herufi kubwa za kupendeza: MALI YA MHESHIMIWA MBUNGE. Akaandika zote sita. Kisha akaenda kwa kinyozi, akaandika mbili. Kwa mama mshona nguo, mbili. Naye alipoambiwa maandishi ni ya nini, alivua ile fulana nyeupe aliyokuwa anapikia, akampa. "Chukua ufutie vumbi. Inanibana roho." Kufikia siku ya tatu mtaa ulikuwa na paneli thelathini na nne, zote mali ya mtu mmoja.

Siku ya kumi na tano mkaguzi akaja na ngazi, lori, na vijana wawili wa kubeba. Akaanzia zahanati. Fundi akamsubiri chini, mikono mfukoni. Mkaguzi akalegeza skrubu, akainua paneli, akachungulia. Akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu aliyefunua chungu akamkuta mkwewe ndani.

Akashuka.

"Hizi ni za nani?"

"Si umesoma?"

"Mbona hatukuambiwa?"

"Mpigie umuulize. Mwambie uko juu ya paa, unamfungulia skrubu zake."

Mkaguzi akaitoa simu. Akaitazama. Akairudisha. Akapanda tena ngazi na kukaza skrubu aliyoilegeza, akaikaza mara mbili.

Wakaenda kwa kinyozi. Akapanda, akasoma, akashuka.

"Hata hizi za kinyozi?"

"Kwani Mheshimiwa kichwa chake anakipeleka wapi?"

Kwa mama mshona nguo mkaguzi hakupanda kabisa. Alisimama chini ya ngazi, amechoka.

"Na hapa?"

"Suti," alisema Fundi.

Lori likaondoka tupu. Mtaa ulicheka mpaka jioni, watu wakaigiza jinsi mkaguzi alivyoshuka ngazi kinyumenyume. Dada peke yake hakucheka.

"Umeandika jina la yule mtu juu ya chumba changu cha kuzalia."

"Taa zinawaka, Dada."

"Zinawaka kwa hisani ya nani?" Alikuwa ananawa mikono, na aliinawa kama anayemtoa mtu ngozi. "Wewe mizaha yako huwa unaiangalia mbele tu. Igeuze uone mgongo."

*

Mgongo wenyewe ulikuja baada ya siku tisa, katika magari matatu, na kamera.

Fundi alipomwona Mheshimiwa akishuka alijua yameisha. Alishaanza kuwaza nani atalisha kuku wake akiwa ndani. Badala yake Mheshimiwa alimfungulia mikono, akamkumbatia mbele ya watu, akamnong'oneza sikioni: "Una akili sana, kijana. Asante." Alinukia sabuni ya hotelini.

Kisha akakipanda kibaraza cha zahanati, akageukia kamera.

"Wapendwa, nilitaka hili libaki siri. Mimi si mtu wa kujitangaza. Lakini siri ya kheri haifichiki. Kumbe mafundi wameandika jina langu. Ndiyo, paneli hizi nilizitoa mimi. Kwa mama zangu, kwa vijana wangu, kwa mtaa huu."

Watu wakapiga makofi. Hilo ndilo Fundi hakulisamehe baadaye, hata alipoyasamehe mengine. Watu wale wale walioziona paneli zikipanda moja moja kwa akiba zao, waliokula mihogo mikavu mwaka mzima ili wapate moja, wakapiga makofi. Wengine kwa woga, wengine kwa mazoea. Alijisikia kama mtu aliyemtegea mwizi mtego, mwizi akaja akaubeba mtego akaenda kuuza. Fundi akasogea mbele, ngumi zimekunjwa, na angefanya ujinga wa kufungwa nao, kama mlango wa chumba cha kuzalia usingefunguliwa.

Dada alitoka na aproni ya plastiki. Aproni ilikuwa imelowa. Kamera ikamgeukia yenyewe.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama yangu."

"Tunashukuru. Sisi tulikuwa hatujui mfadhili wetu. Kwa hiyo paneli zote zenye jina lako ni zako?"

"Zote, mama. Kwa moyo mmoja."

"Hapa sita. Mtaa mzima thelathini na nne."

"Hata zingekuwa mia."

"Umesema zote, na kamera imesikia."

"Imesikia, mama, imesikia." Mheshimiwa alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli.

"Sasa mbona hazina muhuri?"

Kicheko kikabaki usoni kwake bila mwenyewe.

"Sheria inasema mwenye paneli isiyo na muhuri ni faini au kifungo, kwa kila moja," Dada aliendelea, kwa upole ule ule anaotumia kumwambia mzazi kwamba bado kidogo. "Na wewe unazo thelathini na nne. Mimi sijasoma sheria, mheshimiwa, mimi nazalisha tu. Lakini nisingependa mfadhili wetu afungwe. Nimemwacha mama ndani amefikia kusukuma. Nimwambie taa zinazimwa, au haizimwi hata moja?"

Nyuma ya Mheshimiwa, dada wa miwani alishikwa ghafla na kikohozi. Alikiziba kwa mkono, na mabega yakamtikisika muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida.

Mheshimiwa akatazama kamera. Kamera nayo ikamtazama.

"Mihuri inakuja," alisema. "Inakuja leo leo."

Ikaja. Ile mihuri ambayo mtu wa kawaida angeilipia kwa akiba ya mwaka na kuisubiri miezi ilifika kwa pikipiki kabla ya saa kumi na moja: stika thelathini na nne za rangi ya dhahabu, bure, na bahasha yake haikuwa hata na fomu ya kusaini. Mama aliyekuwa ndani alishajifungua mtoto wa kike, mwenye sauti kama king'ora.

*

Mtaa ulisherehekea. Fundi alibandika stika, moja moja. Kila stika ilikuwa na nembo ya kampuni ya majenereta, jua dogo linalotabasamu.

Kutoka juu ya paa la zahanati aliliona lori. Safari hii halikuwa tupu. Lilikuwa mtaa wa pili, ng'ambo ya bonde, na vijana wawili walikuwa wanashusha paneli kutoka kwenye bati la mtu na kuzirushia ndani. Mwenyewe alikuwa amesimama uani na mikono imening'inia. Nyumba iliyofuata, hivyo hivyo. Na iliyofuata. Kule hakukuwa na jina la mtu nyuma ya paneli, wala kamera, wala mkunga mwenye ulimi. Kulikuwa na watu tu. Sauti ya vioo ilimfikia kwa kuchelewa kidogo, baada ya macho kuona.

Akachukua chupa ya petroli na fulana ya mama mshona nguo. Akainua paneli ya kwanza, akaanza kusugua.

"Unafanya nini huko?" Dada aliuliza kutoka chini.

"Nafuta."

"Stika?"

"Stika iache. Nafuta jina."

Dada akaja akaishika ngazi. "Anza na ya chumba cha kuzalia."

Jina lilikataa kutoka. Fundi alikuwa ananunua maka peni ya bei mbaya, ile inayovumilia jua na mvua, na sasa ubora wake ulikuwa unamtukana. Alisugua mpaka PAA SALAMA ikawa nyeusi, mpaka FAMILIA ikatoboka, mpaka vidole vikawaka kwa petroli. Mahali pake akaandika upya: MKUNGA. Na tarehe.

Aliporudi dukani giza lilikuwa linaanza kuingia na umeme wa waya ulikuwa umekatika. Juu ya meza ilikuwepo ile ripoti ya jalada la bluu. Aliwasha taa yake ya betri, akailaza ripoti kifudifudi, akafungua maka peni.

YA KAMPUNI YA MAJENERETA, aliandika. Imefungwa, siku tatu kabla ya kikao.

Akaipigilia msumari mlangoni, mgongo ukitazama barabara, mahali ambapo kila anayepita angeisoma. Chini ya maandishi alikuwa ameacha nafasi ya mstari mmoja, wa neno moja na tarehe.